Mlipoishiriki Dhiki Yangu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekaa na Wafilipi 4 na nimekwama kwenye mstari wa 14. Ule wa 13 sote tunaujua kwa moyo: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Uko kwenye kalenda, kwenye fulana za vijana, kwenye vioo vya daladala. Mtu akiugua tunamtumia kwenye simu, tunaongeza "Mungu ni mwema", tunarudi kwenye shughuli zetu. Paulo hakuishia hapo. Maneno yanayofuata ni haya: "Lakini, mlifanya vema, mlipoishiriki dhiki yangu."

Nauliza kwa uchungu: kwa nini wenye dhiki ndefu tunawapa mstari wa 13, halafu wa 14 tunawanyima?

Paulo aliandika akiwa kifungoni. Enzi hizo mfungwa alitegemea ndugu na marafiki wamletee chakula, nguo na dawa. Kwa hiyo anaposema "nimefundishwa kushiba na kuona njaa", anazungumzia njaa yenyewe, ya tumbo. Tena anasema amejifunza kuwa radhi. Hakuipata radhi hiyo kwa siku moja pale njiani Dameski. Somo lake limeandikwa 2 Wakorintho 11: mapigo arobaini kasoro moja mara tano, bakora mara tatu, jahazi kuvunjika mara tatu. Bakora mojawapo alichapiwa Filipi kwenyewe, akatiwa chumba cha ndani na miguu yake ikafungwa kwa mkatale. Usiku uleule mlinzi wa gereza alimwosha majeraha na kumwandalia chakula. Kanisa la Filipi lilianza na nyumba ya Lidia na nyumba ya mlinzi huyo, watu walioujua mgongo wa Paulo.

Ndio waliomkumbuka alipofika Thesalonike, mwendo wa kilomita 150 hivi kupitia Amfipoli na Apolonia. Walimpelekea msaada huko, "wala si mara moja". Na hakuwa mvivu. Thesalonike alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu. Mtu anaweza kujituma mpaka mwisho wa nguvu zake na bado akapungukiwa.

Warumi 5 tunaisoma kana kwamba inajiendesha: dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, uthabiti huleta tumaini. Lakini tumeona dhiki ikimtoa mmoja imara na mwingine mchungu, na wote wawili walikuwa wameokoka. Waebrania 12:15 inaonya juu ya shina la uchungu lisije likachipuka, na tazameni onyo hilo linaambiwa nani: "mkiangalia sana". Ni wengi. Kanisa zima limepewa kazi ya kuliangalia shina hilo. Mgonjwa hakuachiwa aling'oe peke yake huku ana homa.

Mara nyingi uchungu hauanzi na ugonjwa. Unaanza mwezi wa tatu. Wiki ya kwanza nyumba imejaa na simu hazikatiki. Mwezi wa pili wanabaki wachache. Mwezi wa tatu akipiga simu haipokelewi, kwa kuwa aliyepigiwa anadhani anataka kukopa. Hapo ndipo mtu huanza kusema moyoni kwamba hata Mungu amemchoka.

Chukueni mgonjwa wa figo anayesafishwa damu. Anakwenda hospitali mara mbili au tatu kwa wiki, na kila safari anakaa kwenye mashine kama saa nne. Akitoka mara nyingi yuko hoi, pengine presha imeshuka, hafai kugombania basi peke yake. Figo zikiwa zimeshindwa kabisa, hali hiyo inaendelea maisha yake yote, isipokuwa apandikizwe figo. Michango yetu imezoea harusi na misiba: kamati, bahasha, siku moja, kwisha. Kwa mgonjwa huyu bahasha moja huisha kabla mwezi haujaisha, na baada ya hapo kila mtu anajihesabu kuwa alishatoa.

Anachohitaji ni zamu. Watu sita wa jumuiya wanatosha. Mmoja anamsindikiza Jumanne, mwingine Ijumaa. Mmoja anashika nauli ya mwezi na kuikabidhi mapema, ili mgonjwa asiombe upya kila wiki, maana kuomba kila wiki kunamvunja mtu. Mmoja anawapokea watoto wakitoka shule, mmoja anapika siku za hospitali. Wa sita anaziba pengo, kwa sababu lazima atatokea mmoja kati yao atakayeumwa au kusafiri, na zamu isiyo na mtu wa akiba hufa wiki ya tatu. Mpange kwa miezi mitatu, kisha mbadilishane. Mkijipa zamu isiyo na mwisho, mtaacha wote kwa pamoja.

Na mwulizeni daktari kamruhusu kula nini. Ndizi, machungwa, parachichi na madafu tunayobeba kwa upendo yana potasiamu nyingi. Figo zilizoshindwa haziwezi kuitoa, na ikizidi mwilini inavuruga mapigo ya moyo mpaka kuua. Maji na chumvi navyo amepimiwa. Chupa tatu za juisi kando ya kitanda ni mtihani kwa mtu mwenye kiu asiyeruhusiwa kunywa.

Hapa niseme na sisi tunaosimama madhabahuni. Tusimwambie mgonjwa kwamba hajapona kwa kuwa imani yake ni haba. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, na jibu likawa "Neema yangu yakutosha". Na yeyote anayemwambia mgonjwa wa namna hii aache mashine ili aonyeshe imani, ajue kwamba kuacha huko kunaua ndani ya siku au wiki chache. Atajibu mbele za Mungu. Muombeeni apone, wekeni mikono, fungeni. Na siku ya hospitali ikifika, mpelekeni. Vilevile tusihubiri saburi mahali ambapo mkono wetu ungeweza kufika. Yakobo alikwisha kusema habari ya kumwambia mwenye njaa "mkaote moto na kushiba" bila kumpa kitu.

Wewe uliye ndani ya dhiki, nawe una sehemu yako. Usijifanye huumii. Mtume huyuhuyu aliyejifunza kuwa radhi anakiri katika barua hiyohiyo kwamba kama Epafrodito, mjumbe wa Wafilipi kwake, angekufa, yeye angepata "huzuni juu ya huzuni". Na omba waziwazi. Karibu na mwisho wake alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, pamoja na vitabu, naye aje kabla ya wakati wa baridi. Alitaja kitu, mahali kilipo, mtu wa kukileta na muda. Ukisema "niombeeni tu", wengi wataomba tu. Sema: nahitaji mtu wa kunisindikiza Jumanne.

Anayetoa naye hujengeka. Makanisa ya Makedonia, la Filipi likiwamo, yalikuwa na "umaskini wao uliokuwa mwingi", na ukarimu wao ulitoka humohumo. Paulo anawaambia Wafilipi kwamba anayatamani mazao yanayozidi katika hesabu yao wao. Ukikaa saa nne kando ya mashine wiki baada ya wiki, uvumilivu wako wa kinywani utakuwa uvumilivu kweli.

Bado kuna mmoja tunayemsahau: anayemuuguza. Epafrodito alitumwa kumhudumia Paulo, akaugua mwenyewe akawa karibu kufa. Paulo alimrudisha nyumbani, akaagiza apokewe kwa furaha na watu kama yeye waheshimiwe. Mke anayeamka usiku kumgeuza mumewe, binti aliyeacha kazi amtunze mama, hao ndio Epafrodito wetu. Jumuiya ichague usiku mmoja kila wiki, mtu mwingine akeshe na mgonjwa, na yule mlezi alale nyumba nyingine asikoweza kuisikia kengele wala kikohozi. Asubuhi apewe chai kabla hajarudi. Anzeni wiki hii, na majina yaandikwe leo baada ya ibada.