Wiki 12 za stoo

Saa 10:40 alfajiri. Kifua kinaniamsha kabla ya mtoto. Fulana imelowa, matiti yamejaa, na binti yangu wa miezi minne bado kalala, ngumi kazikunja kama mtu anayeota ugomvi. Namnyonyesha upande mmoja, upande wa pili nakamua. Mume wangu yuko kwenye sinki anaosha chupa za jana. Tulikubaliana hivyo mapema: mwenye matiti ananyonyesha, asiyekuwa nayo anaosha.

Saa 1:00 asubuhi. Kituo cha kulelea watoto ndiyo kwanza kinafungua. Nakabidhi mtoto na chupa tatu zilizoandikwa tarehe na saa, nakimbilia basi.

Saa 2:00. Mimi ni ofisa rasilimali watu, na mezani nina rasimu ya sera ya uzazi ya kazini kwetu. Ni ya tatu hii. Pembeni ya sentensi ya mahali pa kukamulia maziwa, isemayo "mwajiri atatenga chumba kinachofaa", meneja ameandika kwa kalamu nyekundu: "Kinachofaa maana yake nini?" Nilitaka kukasirika, lakini swali lenyewe ni la haki.

Likizo yetu ni wiki 14, kile kile kiwango cha chini cha Mkataba Namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, yaani wiki kama 26. Toa 14, zinabaki 12. Mimi mwenyewe nilifanya kazi mpaka jioni niliyoshikwa na uchungu, nikijua kila wiki nisiyoichukua kabla ya kujifungua nitakuwa nayo baadaye. Hata hivyo 12 zilibaki pale pale, na zote nazimalizia stoo.

Saa 4:30. Stoo yenyewe ni ya karatasi na wino wa printa. Mlango hauna komeo la ndani, kwa hiyo nakalia boksi la karatasi, mgongo nimeuegemeza mlangoni. Pampu inavuta, inaachia, inavuta. Dakika mbili za kwanza hakitoki kitu. Mwili haujadanganyika kwamba pampu ni mtoto. Nafungua simu, natazama picha yake akipiga miayo, na matone yanaanza kugonga chini ya chupa. Mtu anabisha. Anataka wino. Matone yanakatika.

Kwenye kalenda ya ofisi muda huu nimeuandika "Kikao". Sidanganyi sana.

Mkataba wa kwanza kabisa wa uzazi, wa mwaka 1919, ulimpa mama nusu saa mara mbili kwa siku ndani ya saa za kazi ili amnyonyeshe mwanawe. Sasa pima nusu saa hiyo kwa mtoto aliye mbali: kutembea hadi stoo, kufunga pampu, dakika 20 za kukamua, kuosha vifaa, kuweka chupa kwenye friji. Kwenye joto la kawaida la chumba maziwa hayo ni ya saa 4 tu, na mimi nyumbani nitafika jioni.

Saa 6:00 mchana. Usaili. Mjumbe mmoja anamuuliza msichana aliye mbele yetu, "Una mpango wa kuzaa karibuni?" Namkatiza, naomba swali lifutwe. Baadaye ananiambia kwa upole kwamba yeye anafikiria gharama tu. Najua, na ndiyo maana Mkataba 183 unataka malipo ya likizo yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma, mwajiri asiachiwe mzigo peke yake. Mzigo ukiwa wake pekee, kila msichana anayeingia usaili anaonekana ankara inayotembea.

Usaili unarefuka. Saa yangu ya pili ya kukamua inapita. Kufikia saa 8:00 kifua ni jiwe, na nimevaa koti ndani ya chumba chenye joto ili doa lisionekane. Maziwa yakiganda hivi mara kwa mara, titi huvimba na homa hufuata. Nimeshaipata mara moja, inatosha.

Saa 9:00. Kaka wa uhasibu anaomba siku zaidi. Mkewe amejifungua kwa upasuaji na hawezi kunyanyua kitu. Sera yetu inampa siku tatu. Uswidi iliwapa baba na mama likizo ya pamoja ya malezi tangu 1974. Namwandikia barua ya maombi mimi mwenyewe, kwa sababu ya kwake ingekuwa ya kinyonge mno.

Dada mmoja mkubwa, aliyeisoma rasimu, ananiuliza mlangoni: "Mdogo wangu, humu mwanamke akiacha kuzaa hana afya tena?" Hedhi yake iko ukingoni, joto linampanda katikati ya vikao, usiku halali. Sina jibu. Naongeza kifungu.

Saa 10:00. Kwa meneja. Namsomea maana ya "kinachofaa": komeo la ndani, kiti, soketi, maji karibu, na kisiwe choo. Anakubali vyote, hata komeo liwekwe kesho. Namuuliza swali la pili: dada wa mapokezi ni mjamzito, atakapokuwa anakamua, nani atakaa pale? Anageuza kalamu mara mbili tatu. "Hilo tutaliangalia."

Saa 12:20 jioni. Mtoto amemaliza chupa zote tatu, na ananuka sabuni ya watu wengine.

Saa 3:30 usiku. Naandika tarehe kwenye chupa za kesho. Simu inalia, ni dada wa mapokezi. "Dada samahani, ile nusu saa nitakuwa naichukua tu, au naiomba?"

Namjibu: unaichukua. Kisha nafungua rasimu, natafuta "anaweza kuomba mapumziko". Lipo mara nne, kote nimeliandika mimi. Nafuta.