Jinsi tulivyozuia tope la ziwa kuoza kabla ya kupima isotopu

Tope tulilochimba Ghuba ya Mwanza, Ziwa Viktoria, lilikuwa likitoa namba zisizoelewana: vipande viwili vya kina kilekile, kaboni-13 (isotopu, yaani aina, nzito ya kaboni) tofauti. Mashine haikuwa na kosa. Tope lilikuwa bado linaoza ndani ya mfuko wa sampuli. Ukifungua mfuko ukapokewa na harufu ya yai viza, ujue bakteria wameshakutangulia.

Vijidudu huanza na sukari na protini, zenye kaboni-13 nyingi, na kuacha lignini (kinachoupa mti ugumu) na mafuta, yenye kidogo. Namba ya kaboni-13 hushuka. Naitrojeni-15, isotopu nzito ya naitrojeni, ndiyo kigeugeu: penye oksijeni mara nyingi hupanda, pasipo oksijeni yaweza kushuka.

Dawa yake ni baridi na haraka. Kata vipande vya sentimita 1 palepale ufukweni, tia kwenye deli la barafu (ile ya wachuuzi wa samaki Mwaloni inatosha), kisha friza la nyuzi -20 siku hiyohiyo. Umeme ukisumbua usisubiri: kausha kwa ovena, nyuzi 60, saa 48, halafu saga.

Kabonati (kaboni ya chokaa, isichanganyike na ya mabaki ya viumbe) iondoe kwa mvuke wa asidi ya haidrokloriki, saa 6 hivi, sampuli ikiwa kwenye vikapsuli (vikopo vidogo vya kupimia) vya fedha. Vya bati huliwa na asidi. Naitrojeni ipime kwenye sehemu isiyoguswa na asidi.

Uozo uliotokea ziwani kabla ya kuchimba haurudishwi. Halafu kuna moshi wa makaa ya mawe na petroli: kaboni-13 ya hewa imeshuka takriban 2 kwa elfu tangu 1850. Usipoisahihisha, tabaka la juu, lililo jipya zaidi, utalisingizia uozo.