Uchumi wa Daftari na Kadi

Jumapili, usiku

Mwanafunzi wa sekondari akisema anapenda uchumi, jibu analopewa karibu kila mara ni orodha ya vitabu. Kusoma kuna wakati wake, sikatai. Ila anayeanzia kwenye vitabu huishia na maoni kibao na kipimo hata kimoja hana. Mimi ningemwanzisha na daftari.

Achague bidhaa na huduma kumi ambazo kaya yao hulipia mara kwa mara: sabuni, nauli, mafuta ya kupikia na kadhalika. Kila Jumamosi aandike bei, muuzaji yuleyule, kipimo kilekile. Kila kitu kipewe uzito kulingana na sehemu yake katika matumizi ya kaya. Kama nauli inameza asilimia 30, uzito wake ni 0.30, na uzito wa vitu vyote kumi ukijumlishwa ufike 1. Bei ya wiki hii aigawanye kwa bei ya wiki ya kwanza, azidishe kwa 100, kisha kwa uzito. Jumla ya majibu kumi ndiyo fahirisi ya bei, yaani namba moja inayoonyesha bei zimesogea kiasi gani tangu wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza itasoma 100. Nauli ikipanda kwa asilimia 10 na vingine vikatulia, itasoma 103.

Makosa ndiyo yatakayomfundisha. Kipande cha sabuni hupunguzwa gramu huku bei ikibaki palepale, na asiyeandika gramu hataliona ongezeko hilo. Mwingine hupuuza uzito na kuchukua wastani wa kawaida, chumvi ikawa na sauti sawa na kodi ya nyumba. Kosa sugu kuliko yote ni kudhani mfumuko wa bei, yaani kasi ya bei kupanda, ukishuka, bei nazo zimeshuka. Kitu cha 100 kikipanda kwa asilimia 10 kinafika 110. Mwaka unaofuata kikipanda kwa asilimia 5 kinafika 115.5. Mfumuko umepungua nusu, mnunuzi bado anaumia. Halafu kuna lile la kusema mfumuko uliotoka asilimia 4 hadi 6 "umepanda kwa asilimia 2". Umepanda kwa pointi 2 za asilimia, ambazo ni nusu nzima ya ulivyokuwa. Hata watangazaji wa habari huteleza hapo.

Baada ya miezi mitatu ya daftari, takwimu za wakubwa haziogopeshi tena. Benki ya Dunia ilifungua hazina yake ya takwimu kwa umma bila malipo mwaka 2010, na jedwali lolote linapakuliwa tayari kwa kuchorwa grafu. Nchi mbili, kipimo kimoja, miaka 20: kwa kuanzia yatosha. Tatizo ni kwamba pato la taifa limeandikwa humo kwa namna kadhaa. Kuna la bei za sasa, la bei za mwaka mmoja uliochaguliwa kuwa msingi, na lililorekebishwa kulingana na uwezo wa fedha kununua. Ukitumia la bei za sasa kupima ukuaji, utasifia mfumuko wa bei ukidhani ni maendeleo.

Vitabu sasa viingie. Mradi wa CORE Econ hutoa vitabu kamili vya kiada bure kwenye intaneti, na huanza na maswali ya dunia halisi kabla ya milinganyo. Hisabati isiachwe nyuma: London School of Economics, kwa shahada yake ya uchumi, humdai mwombaji hisabati lakini haimlazimishi awe amesoma uchumi shuleni. Mashindano nayo yapo. Olimpiadi ya Kimataifa ya Uchumi ilianza Moscow mwaka 2018, ikichanganya uchumi, fedha na utatuzi wa tatizo la biashara. Ni mazuri kwa anayependa kushindana. Asiyependa hajapoteza kitu.

Kama shule ina klabu, badala ya mdahalo mwingine kuhusu utandawazi, nashauri soko la kadi. Linahitaji watu 20 na saa moja. Wanunuzi kumi wapewe kadi zenye 20, 18, 16 na kushuka hivyo hadi 2: hicho ndicho kiwango cha juu ambacho kila mmoja anaruhusiwa kulipa. Wauzaji kumi wapewe 2, 4, 6 hadi 20: hiyo ni gharama, na kuuza chini yake ni marufuku. Kila mtu ananunua au kuuza kitu kimoja tu kwa duru, dakika tano. Faida ni tofauti kati ya kadi na bei. Kadi hazionyeshwi, na bei hutajwa kwa sauti wote wasikie.

Sharti hilo la sauti ndilo roho ya zoezi. Mwanauchumi Edward Chamberlin wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika soko la aina hii, aliwaacha wanafunzi wazunguke wakipatana pembeni, na mwaka 1948 akaandika kwamba bei hazikufika pale nadharia ilipotabiri. Vernon Smith, aliyekuwa mmoja wa wanafunzi hao, baadaye alibadilisha mambo mawili: bei zitangazwe hadharani, na duru zirudiwe kwa kadi zilezile. Safari hii bei zilikaribia utabiri wa nadharia. Matokeo aliyachapisha mwaka 1962, na mwaka 2002 akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Daniel Kahneman.

Kwa kadi hizi, nadharia inatabiri mauzo matano kwa bei iliyo kati ya 10 na 12. Duru ya kwanza huwa vurugu, bei huku na kule. Mtu mmoja aziandike ubaoni kwa mpangilio, kwani kufikia duru ya tatu au ya nne kwa kawaida huwa zimesogeleana, na hakuna mchezaji anayejua kadi za wenzake.

Duru ya tano, wekeni bei kikomo ya 8, yaani hakuna kuuza juu yake. Wauzaji wanaoweza kuuza bila hasara wanabaki wanne. Wanunuzi wenye kadi za 8 kwenda juu ni saba. Anayepata ni aliyepaza sauti mapema, si lazima mwenye kadi kubwa. Mwenye 20 akitoka mikono mitupu huku mwenye 10 ameshanunua, mjadala uanze kwa kumuuliza yeye.