Tunangoja uzito, tunangoja tarehe

Watu wakisikia mtoto ana tundu kwenye moyo swali la kwanza ni "sasa si wamfanyie operesheni haraka yaishe?" Jamani, hata mimi nilitaka hivyo. Ila moyo wa mtu ni kama saizi ya ngumi yake, na ngumi ya mwanangu ni kadogo mno. Madaktari wanataka akue kidogo kwanza, apate uzito, ndo wamfungue. Sawa. Shida ni kwamba huo ugonjwa wenyewe ndo unaomzuia kukua, kwa hiyo unaambiwa mnenepeshe mtoto ambaye kula kwenyewe kunamchosha.

Wengi wanashangaa maana alizaliwa vizuri tu, analia, ananyonya, hana neno. Kumbe tundu kubwa kati ya vyumba vya chini vya moyo ndivyo linavyokuwa. Wiki za mwanzo mishipa ya mapafu bado imebana so damu haivuki sana, ikishalegea ndo damu inamiminika mapafuni kupita kiasi na mtoto anaanza kuhema. Na wala hageuki rangi ya bluu, ndo maana kuna watu wanakuangalia kama vile unakuza mambo.

Kwetu siku nzima inazunguka kwenye maziwa. Anavuta mara tatu nne, anaachia, anahema, jasho linamtoka kwenye paji la uso na nyuma ya shingo mpaka shuka linalowa, halafu anarudi tena maskini wa Mungu kwa sababu njaa anayo. Tumeambiwa isizidi nusu saa, maana baada ya hapo nguvu anazotumia kunyonya ni nyingi kuliko anazopata kwenye hayo maziwa. Kinachobaki kinapita kwenye mrija wa puani. Mwanzoni nilikuwa nauogopa ule mrija kuliko hata operesheni. Sasa hivi usiku wa manane naufanyia kazi macho nusu yamefumba: navuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano, nadondoshea kwenye kale kakaratasi ka kupima asidi, rangi ikionyesha asidi ndo najua ncha iko tumboni haijahamia kwenye njia ya hewa, hapo ndo namimina, taratibu, bila kusukuma. Rangi nisipoielewa simimini kitu, hata alie vipi.

Halafu kuna mzani. Yaani mzani ndo bosi wa nyumba hii. Mtoto mwenye afya wa miezi ya mwanzo anaongeza kama gramu 20 mpaka 30 kwa siku, wa kwangu akipata nusu ya hapo baba yake anapiga simu kwa ukoo mzima. Lakini pia tulifundishwa kwamba uzito ukiruka ghafla si wa kushangilia, huenda ni maji yamejaa mwilini kwa sababu moyo umezidiwa, hasa ukiona kope zimevimba na pampasi inakaa kavu muda mrefu wakati dawa ya kukojoa amekunywa. Kwa hiyo unaweza kumwona mtu anafurahi gramu zimepanda na dakika hiyo hiyo anamgeuza mtoto kwenye mwanga kumkagua macho.

Akilala namhesabia pumzi, dakika nzima, sio kuhesabu sekunde chache unazidisha, maana watoto wadogo wanahema kwa mapigo yasiyolingana. Akishafika miezi 2, pumzi 50 kwa dakika au zaidi inahesabiwa ni kuhema haraka. Naandika kwenye daftari na muda wa dawa, tena dozi zenyewe ni vijimililita ambavyo ukizembea kidogo umeshazidisha, so anayempa ndiye anayeweka tiki, hakuna cha "nadhani ameshakunywa".

Na nyie mnaosema mwache alie anakuza mapafu, naombeni hiyo mwaambie wengine. Huyu kilio kinamla nguvu alizozitafuta kwa jasho. Nambeba, na nitaendelea kumbeba, akizoea mikono azoee.

Kinachoniumiza kichwa ni kwamba kungoja nako kuna mwisho wake. Damu ikisukumwa mapafuni kwa presha kubwa muda mrefu mishipa ya huko inaharibika, na ikishakakamaa kabisa kuziba tundu hakusaidii tena. Daktari wake anapima hayo kila tukienda eko (kile kipimo cha picha ya moyo), akue lakini tusichelewe, ndo hesabu yake.

Tarehe tuliipata, tukafunga mabegi, akapata mafua. Mafua tu! Ila kwa mtoto anayekwenda kuwekwa kwenye mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu, yale makamasi yanatosha kuahirisha kila kitu, kwa sababu mapafu yenye maambukizi yanasumbua sana baada ya operesheni. Tumerudishwa kwenye foleni, na tarehe mpya hatujapewa.

Kwa hiyo wageni tunawapenda, lakini mwenye kikohozi, mwenye mafua, mwenye "ni vumbi tu", tafadhali piga simu ya video. Nitamwelekezea kamera hata saa nzima.