Kwa nini umepitia Paris?

Jaribio langu la kwanza la ukalimani na tafsiri hapa Bukavu liliniangusha kwa sababu ya kijana mmoja na magunia ya mihogo. Habari niliyopewa, kwa Kifaransa, ilimhusu kijana aliyejificha katikati ya mizigo kwenye boti ya kwenda Goma ili asilipe nauli. Kifaransa humwita "passager clandestin". Nami bila wasiwasi nikaandika kwa Kiingereza "clandestine passenger". Nilimaliza kabla ya wenzangu wote, nikatoka nje kifua mbele.

Msahihishaji alikuwa mama mmoja Mkenya. Hakunikemea. Aliuliza tu: "Ndugu yangu, mtu akijificha melini asafiri bure, Kiswahili chasemaje?"

"Amezamia, mama."

"Na Kiingereza nacho kina lake, 'stowaway'. Sasa kwa nini umepitia Paris?"

Kazi sikuipata, ila swali lile nilirudi nalo nyumbani. Sisi wa huku tumesomeshwa kwa Kifaransa, na Kiingereza tunakiingilia kwa mlango huohuo, tukidhani maneno yanayofanana sura yanafanana na tabia. Chukua "furtif" na "furtive". Ni ndugu kabisa, wote chimbuko lao ni jina la mwizi katika Kilatini, "fur", lakini wamelelewa nyumba mbili. Ndege ya kivita inayoikwepa rada, kama F-117 ya Wamarekani, Wafaransa huiita "avion furtif". Waingereza husema "stealth aircraft". Ukiwaambia "furtive aircraft" watawaza ndege inayogeuza shingo huku na huku kama mtoto aliyetoka kuramba sukari ya wageni. Kicheko hicho ndicho kilichonipa maana: "furtive" ina hofu au hatia ndani yake, mtu hataki kufumwa. Ndiyo maana hupenda kukaa na macho, "a furtive glance", jicho la kuibia.

"Stealthy" nilifundishwa na paka. Mama huanika sambaza, vile visamaki vya ziwani, uani kwenye ungo, na jioni moja paka wa jirani alikuja. Tumbo lilikuwa linakaribia kufagia ardhi. Anainua mguu mmoja, anauacha hewani, anasikiliza, ndipo anaushusha. Hatua sita zilimchukua muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai. Alikuwa ananyata, na aibu hakuwa nayo hata chembe. "Stealthy" huangalia mwendo: taratibu, bila kishindo, lengo liko mbele. Hatia si lazima.

Huyo paka alifukuzwa. Aliyewekwa kulinda ungo ni mpwa wangu, na hapo nikapata neno la tatu, lile refu lililokuwa likinikwama kooni, "surreptitious". Kijana alikaa karibu na bibi yake akimsimulia habari za shule, tena kwa heshima zote, huku mkono wa kushoto ukichota sambaza wawili watatu na kuwapenyeza mfukoni. Hakujificha popote. Tulikuwa tunamtazama usoni, na kitendo kikapita chini ya mazungumzo. Wahenga waliosema penye udhia penyeza rupia walilijua tendo hili vizuri, na hata Kilatini cha neno lenyewe kinazungumzia kunyakua kwa chini.

Baada ya hapo "clandestine" haikunisumbua tena. Hiyo hutaka mpango, na mara nyingi hutaka watu waliokubaliana kufanya lililokatazwa: mkutano wa usiku, ndoa ambayo wazazi hawaijui. Kijana wa boti hakupanga na mtu, alikuwa yeye na magunia yake. "Covert" ni ya serikali, majasusi na polisi, ni jambo lililofunikwa kama sufuria. "Sneaky" ni ya nyumbani, ina lawama na dharau kidogo. Sijawahi kuiweka kwenye ripoti, ingawa kwa mpwa wangu ingefaa.

Daftari langu lilikuwa na safu tatu, Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili. Ile ya katikati niliifuta yote kwa kalamu nyekundu. Mahali pake nikaandika nani anamtazama mtendaji wakati ule, na yeye mwenyewe anajisikiaje.

Miezi kadhaa baadaye nikarudi kwa jaribio la pili. Safari hii kulikuwa na karani aliyechomoa karatasi kwenye faili huku akicheka na mkubwa wake. Nikaandika "surreptitiously", nikahesabu zile "r" mbili kwa kidole. Mama Mkenya aliposoma akasimama kwenye neno hilo.

"Hapa umepitia wapi?"

"Uani kwetu, mama. Kwenye sambaza."

Akanitazama kidogo, kisha akafungua ukurasa wa pili.