Safari za kazi kwa kadi yangu mwenyewe: hesabu ya pointi na tarehe 5

Mwajiri wangu hapa Marekani hatoi masurufu. Nauli, hoteli na teksi nalipa mwenyewe, kisha nadai. Kwa hiyo safari zote za kazi nazipitisha kwenye kadi yangu binafsi ya mkopo, ile inayotoa pointi 2 kwa kila dola ya usafiri, na pointi zinabaki zangu. Kabla ya kuanza nilimwuliza mhasibu maswali mawili: kampuni inaruhusu kadi binafsi? Na pesa hurudi baada ya siku ngapi? Hilo la pili ndilo linaloamua kama kuna faida.

Hesabu yenyewe ni hii. Safari ya dola 2,400 huleta pointi 4,800. Pointi moja ukiigeuza pesa ni senti 1, basi jumla ni dola 48. Sasa chukua riba ya asilimia 24 kwa mwaka, yaani asilimia 2 kwa mwezi: deni hilo likilala mwezi mmoja linazaa dola 48 zile zile. Pointi zote zimeliwa. Tena usipomaliza salio, kwa kawaida unapoteza muda wa bure, yaani zile siku za kulipa bila riba, na kila unachonunua baadaye kinaanza kudaiwa riba siku hiyo hiyo. Ndiyo maana bili nailipa yote kwa tarehe yake, niwe nimerudishiwa au sijarudishiwa. Nimetenga benki akiba inayotosha safari moja nzima. Asiye na akiba hiyo, namsihi aombe masurufu au kadi ya kampuni. Pointi hazifai kukopewa.

Hesabu ya kadi yangu hufungwa tarehe 5. Tiketi nikiikata Machi 4, inaingia kwenye bili ya Machi 5 na mwisho wa kulipa ni Machi 30: siku 26. Nikiikata Machi 6, inasubiri bili ya Aprili 5 na nalipa Aprili 30: siku 55. Kusubiri siku mbili kunanipa karibu mwezi mzima wa kurudishiwa pesa. Nauli ikiwa inapanda, bila shaka sisubiri.

Kadi hiyo sinunulii mkate wala mafuta ya gari langu. Ikichanganyika na matumizi ya nyumbani, kila dai linakuwa kazi ya kuchambua mchele na chuya.

Nikienda Dar es Salaam au Nairobi, mashine ya kulipia hotelini mara nyingi huuliza: dola au shilingi? Nachagua shilingi kila mara. Ukichagua dola, ubadilishaji unafanyika pale pale kwa kiwango cha upande wa muuzaji, na kwa kawaida kinakuumiza. Angalia pia ada ya miamala ya nje. Yangu haina, lakini kadi nyingi hutoza asilimia 3, na hapo pointi 2 kwa dola zimekwisha kabla hujafika chumbani. Fedha taslimu sitoi kamwe kwa kadi ya mkopo, kwa sababu kuna ada, riba huanza siku hiyo hiyo na pointi hakuna. Bodaboda na chai nalipa kwa M-Pesa, na ujumbe wa muamala naupiga picha.

Risiti ndiyo inayowaangusha wengi. Karatasi ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi Tanzania, huandikwa kwa joto. Iache kwenye dashibodi juani na utabaki na karatasi isiyosomeka. Mimi huipiga picha palepale kaunta, tarehe na jumla vikisomeka. Hotelini naomba ankara inayoonyesha kila usiku na kila kodi, maana risiti ya kadi yenye jumla peke yake mhasibu huirudisha. Kanuni za kodi za Marekani zinataka ushahidi wa malazi yote, na wa gharama nyingine zinazofika dola 75. Dai likiwa ndani ya siku 60 tangu ulipe, kikodi liko salama. Mimi hulipeleka ndani ya wiki moja.

Lakini dai silipeleki muamala ukiwa bado unasubiri kuthibitishwa. Kiasi cha dola kinaweza kubadilika kidogo unapoingia rasmi, na dhamana iliyozuiwa na hoteli huachiwa baadaye, si gharama. Nadai kile kilichoandikwa kwenye bili, senti kwa senti.

Ndege ikifutwa baada ya mwajiri kunirudishia nauli, pesa zinarudi kwenye kadi yangu ilhali ni za mwajiri. Namwandikia mhasibu siku hiyo hiyo na kuambatisha picha ya muamala. Vocha iliyotolewa kwa jina langu ni hivyo hivyo: naitaja, na naitumia kwa safari ya kazi inayofuata.