Niandikie uliposimama

Leo saa tisa alasiri, hapa Kigoma, nimegawa vitabu vya likizo kwa kidato cha tano. Wanafunzi 31, nakala 9 za Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, na moja kati ya hizo haina jalada. Tumepanga kama tunavyopanga kila Juni: wa Ujiji wanapokezana wenyewe kwa wenyewe, wa Mwanga na Gungu wana zao mbili, wa Kasulu wanaondoka na moja. Binti anayekwenda Kalya kwa boti amepewa ya peke yake, maana huko hana mwenzake wa kumpokeza. Amekiviringisha kitabu kwenye kipande cha turubai hapohapo mbele yangu, akakaza kamba, akasema, "Madam, hiki hakilowi."

Kazi yenyewe ni fupi. Soma riwaya yote, halafu niandikie ukurasa mmoja: wapi ulisimama ukashindwa kuendelea, na kwa nini. Basi.

Sikuanza hivi. Miaka yangu ya kwanza kazini nilikuwa natoa maswali 40, ubaoni, siku ya mwisho kabla hawajafunga. Dhamira, migogoro, falsafa ya mwandishi, muundo, mtindo, tamathali za semi. Julai wakirudi nakusanya madaftari, nakaa na kalamu nyekundu, na kuanzia daftari la kwanza hadi la mwisho nasoma jibu moja: "Mwandishi ana msimamo wa kimapinduzi." Walikuwa wamedesa. Vitini vya uchambuzi vinauzwa palepale wanapotoa fotokopi, na siku hizi PDF inazunguka kwenye WhatsApp kabla hata hawajafungasha masanduku. Siwezi kuwalaumu sana. Mtoto ukimpa swali ambalo jibu lake limekwisha kuchapwa, atalifuata lilipo.

Kilichoniuma ni kingine. Mtu anakutajia migogoro minne ya riwaya ile, kwa mpangilio mzuri kabisa, na Mwajuma hamjui. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, Bwana Raza, anamkimbia mume. Ndugu zake hawamtaki tena. Anayempa pa kulala ni Mwajuma, asiye wa damu yake wala wa kabila lake. Ukimpita Mwajuma umesoma nini? Nilikuwa nauliza hivyo darasani na macho yote yanainama.

Hii ya ukurasa mmoja niliijaribu mara ya kwanza mwaka 2024. Wanaokaa Kigoma wanaukumbuka mwaka ule: Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Kibirizi, ambako harufu ya dagaa walioanikwa hukupokea kabla hujafika, palikuwa pakavu na kimya. Mwanafunzi wangu mmoja ni wa huko, analelewa na babu yake, mvuvi wa dagaa tangu ujana. Mzee aliyezoea kulala mchana na kutoka na taa jioni akawa yupo nyumbani saa zote, anashona nyavu ambazo hazina safari. Mjukuu akasoma barazani, na kwa kuwa babu alimwomba, akasoma kwa sauti.

Ukurasa alioniletea Julai ninao mpaka leo. Nanukuu kipande:

"Nilisimama pale Yasmin alipokataliwa na ndugu zake. Si mimi niliyesimama, babu ndiye aliyesema funga kitabu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema dada yake mkubwa alirudi nyumbani hivyohivyo, usiku, na mtoto mgongoni, na asubuhi baba yao akamrudisha kwa mume. Mama alikuwa anachambua maharage, akaacha. Alisema hajawahi kusikia kwamba babu ana dada. Tuliendelea kusoma siku ya tatu."

Hapakuwa na dhamira humo, wala falsafa. Nilikaa na karatasi ile mpaka kengele ya kipindi kilichofuata ikalia, na sikuweza kuipa alama. Nikaandika chini yake swali moja: bibi huyo aliitwa nani? Baada ya siku mbili daftari likarudi na jina, limeandikwa kwa mwandiko mwingine, wa herufi kubwa zilizotetemeka. Jina hilo ni la familia yao, sitaliweka hapa.

Mwenzangu mmoja wa ofisini aliniambia, kwa nia njema, kwamba Kiswahili 2, karatasi ya fasihi kwenye mtihani wa kidato cha sita, haimuulizi mtahiniwa alisimama wapi. Ni kweli. Mwezi Mei watoto hawa watatakiwa kutoa hoja na mifano, na ninawafundisha hoja na mifano, kuanzia Julai, kipindi kwa kipindi, fani na maudhui yote. Lakini yule kijana nilipofika kwenye nafasi ya mwanamke katika riwaya, hakuhitaji kitini. Alisimama akaeleza mlango unavyofungwa na ndugu na unavyofunguliwa na mgeni, akataja sura, akataja maneno, na darasa zima likamgeukia.

Si wote wanaandika vile. Wengine bado wananiletea mistari minne, na wapo wanaobuni pa kusimama. Huwa najua, maana waliobuni husimama ukurasa wa mwisho. Nawarudishia kitabu, wanasoma tena wikiendi.

Nakala aliyosoma kijana wa Kibirizi ni namba 4. Ilirudi na alama ya kidole gumba pembeni mwa ukurasa uleule, rangi ya mawese, imepenya mpaka upande wa pili. Mtunza maktaba alitaka kuwatoza faini, nikamwomba aiache. Hiyo ndiyo iliyofungwa kwenye turubai leo. Sikumwambia binti kitu kuhusu ile alama. Boti inaondoka kesho.